Hedhi niliyoiita kawaida, na vidonge vya chuma nilivyoviacha mara mbili

Kabla sijajua kwamba naumwa, nilianza kutafuna barafu.

Sikuwahi kuwa mtu wa barafu. Lakini mwaka ule nilijikuta kila usiku, watoto wakishalala, nafungua friji na kutoa kile kisahani cha plastiki chenye vijumba. Nakikunja kidogo mpaka vipande vinalia na kuachia, navimimina kwenye kikombe, nakaa jikoni peke yangu natafuna. Kunyonya hakukunitosha, nilitaka kutafuna, kipande baada ya kipande, mpaka meno yanauma na ulimi unakufa ganzi. Nikimaliza najaza maji upya, nakirudisha kisahani, na ninalala nikiwaza kama yatakuwa yameganda alfajiri. Mume wangu alikuwa akiusikia mlio kutoka chumbani. Aliuliza mara moja tu: "Mama watoto, hiyo barafu ina nini?" Nikamjibu kwamba joto limezidi, na mwenyewe nikaliamini jibu langu.

Mengine nayo nilikuwa na jibu kwa kila moja. Nikipanda ngazi za kazini na kusimama katikati nikihema, nilisema umri unasogea, na wakati huo nilikuwa na miaka 36. Nywele zilipobaki nyingi kwenye kitana, nilisema ni mafuta niliyobadilisha. Pembe za midomo zikipasuka, upepo. Miguu ikikataa kutulia usiku, mpaka naamka kutembea sebuleni saa nane, nilisema ni kusimama kutwa. Moyo ukidunda hadi nausikia masikioni nikiwa nimelala ubavu, hilo sikulitafutia jibu, nilijigeuza upande wa pili tu.

Aliyenishtua ni muuguzi, na wala sikuwa nimekwenda kwa ajili yangu. Nilimpeleka mtoto mwenye kikohozi. Akamaliza na mtoto, akaniangalia usoni, akanivuta kope ya chini kwa kidole gumba. Ndani ya kope panapaswa kuwa pekundu. Akasema, "Dada, huku ni peupe. Hedhi yako ikoje?"

Nikamwambia ni ya kawaida.

Nililitamka neno hilo bila kusita, maana mama yangu hedhi yake ilikuwa hivyohivyo, na dada zangu vilevile. Siku mbili za kwanza nilikuwa nabadilisha pedi kila baada ya saa moja na nusu, usiku natandika taulo chini ya shuka, na mabonge yalikuwa yanatoka makubwa. Kwetu hiyo ndiyo hedhi. Muuguzi naye hakuendelea kuuliza. Akaandika kipimo cha wingi wa damu, na majibu yakaja gramu 8.4 kwa desilita. Kwa mwanamke asiye na mimba, chini ya 12 ni upungufu wa damu. Nilipewa pakiti ya vidonge vya chuma, nikaambiwa nimeze kimoja mara tatu kwa siku, nikatoka.

Nilidumu navyo siku 12.

Nieleze zile siku 12 vizuri, kwa sababu najua wengi huachia palepale na wanaona aibu kurudi kusema. Siku ya kwanza nilimeza asubuhi tumbo likiwa tupu. Baada ya nusu saa kichefuchefu kikanishika, mdomoni ladha ya shaba, kama nimelamba ufunguo. Siku ya tatu choo kikawa cheusi tititi. Hakuna aliyekuwa ameniambia. Nilikaa chooni nikiangalia, nikiwa na hakika kwamba utumbo wangu unavuja damu. Siku ya tano choo hakikuja kabisa, na kilipokuja siku ya nane nililia. Siku ya 12 nikatia pakiti kwenye droo ya kabati la jikoni, nikaifunga, nikaendelea na barafu yangu.

Leo najua weusi ule ni chuma ambacho hakikufyonzwa, kinapita na kutoka, na hauna madhara. Wa kuogopwa ni ule unaonata kama lami, unaong'aa, wenye harufu kali isiyo ya choo cha kila siku. Huo unaweza kuwa damu iliyotoka tumboni, na mtu asikae nao nyumbani. Sentensi hizi chache zingetosha kunizuia nisiache. Ndiyo maana kila ninapomsikia mtu kaandikiwa chuma, hata kama hatujazoeana, namwambia kwanza habari ya choo.

Mara ya pili nilianza mwenyewe, miezi kadhaa baadaye, baada ya kuzimia kidogo kwenye foleni. Safari hii nilikuwa na mbinu yangu. Nilimeza pamoja na kifungua kinywa, nikashushia na kikombe kikubwa cha chai ya maziwa, kwa sababu chai ilituliza tumbo. Na kweli ilituliza. Kichefuchefu kilipungua, choo kikawa afadhali, nikajiona nimeshinda.

Sikujua kwamba nililituliza tumbo kwa kukizuia chuma chenyewe kisiingie. Chai ina tanini, na tanini hukishika chuma tumboni, kikaenda zake bila kufyonzwa. Kahawa nayo hivyohivyo. Maziwa yana kalsiamu, nayo hushindana nacho. Nafaka zisizokobolewa na maharage vina faiteti, zinafanya kazi ileile. Dawa za kiungulia zinazopunguza asidi pia hukwamisha, maana chuma cha vidonge kinahitaji asidi ya tumbo. Mimi nilikuwa nimekizungushia ukuta pande zote.

Hata hivyo kiasi fulani kilipenya. Ndani ya wiki mbili hivi hamu ya barafu ilikatika, na ilikatika ghafla: usiku mmoja nilifungua friji kutafuta maji, nikakiona kile kisahani, na hakikunivuta hata kidogo. Ngazi nikazipanda. Miguu ikatulia. Baada ya miezi miwili nikapima, damu ikawa 11.6, nikaona 12 ile pale, nimefika. Nikaacha vidonge.

Miezi sita baadaye nilikuwa jikoni tena gizani, natafuna.

Daktari niliyekutana naye mara ya tatu alikuwa mama mtu mzima, mwenye sauti ya chini, na alikuwa na muda. Hilo la muda nalitaja kwa makusudi, maana nadhani lilinisaidia kuliko kidonge chochote. Hakuniandikia dawa kwanza. Alichukua karatasi akachora mtungi, na pembeni yake ghala.

"Huu mtungi ni damu yako," akasema. "Na hili ghala ni akiba. Mwili ukiishiwa chuma, unatoa ghalani kwanza kuujazia mtungi, kwa hiyo ghala linaisha mtungi ukiwa bado umejaa. Ukianza kumeza vidonge ni kinyume chake: mwili unajaza mtungi kwanza, ghala mwisho. Wewe mwanangu uliacha mtungi ulipokaribia kujaa. Ghalani hakukuwa na kitu."

Kipimo cha ghala kinaitwa feritini. Mimi sikuwahi kupimwa, mara zote mbili nilipimwa mtungi tu. Aliponipima, hemoglobini, yaani ule mtungi, ilikuwa 8.9 na feritini maikrogramu 6 kwa lita. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linasema kwa mtu mzima asiye na maradhi mengine chini ya 15 ni kuishiwa chuma, na madaktari wengi huanza kutibu hata chini ya 30. Alinitahadharisha pia kwamba feritini hupanda mtu akiwa na maambukizi, au mwili ukiwa umevimba ndani kwa ugonjwa, hata kama ghala ni tupu, kwa hiyo kipimo kilichochukuliwa ukiwa na homa kinaweza kukudanganya. Mwongozo huohuo, kwa mtu wa namna hiyo, unausogeza mpaka huo wa 15 kufika 70.

Halafu akageuza karatasi, tukapiga hesabu ambayo mpaka leo ninayo.

Mwili wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 za chuma, sawa na msumari mmoja, na theluthi mbili yake iko kwenye damu. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, na zikifa mwili huokota chuma chake na kukitumia tena, hautupi. Kwa hiyo kinachohitajika kutoka kwenye chakula ni kidogo, miligramu 1 hadi 2 kwa siku, kufidia kile kinachopotea kwenye ngozi na utumbo. Lakini kila mililita ya damu inayomwagika inaondoka na karibu nusu miligramu. Akaniuliza napoteza kiasi gani kwa mwezi. Nikajibu kama nilivyozoea: kawaida.

"Kawaida ni ngapi?" akauliza. "Pedi ngapi kwa siku, unabadilisha kila baada ya muda gani, zimelowa kiasi gani, mabonge yana ukubwa upi, unaamka usiku mara ngapi?"

Nilipojibu moja moja aliandika, kisha akaweka kalamu chini. Hedhi inayozidi mililita 80 inahesabiwa kuwa nyingi. Yangu alikadiria 120 au zaidi. Mililita 120 ni miligramu 60 za chuma kila mwezi, na chakula kizuri chote cha mwezi mzima kinaniingizia 30 hadi 60, ambazo sehemu yake kubwa ilikuwa inakwenda kufidia mahitaji ya kila siku. Hesabu haikukubali. Ningekula nyama na ini kila siku isingekubali.

Kwa hiyo akanituma kupiga picha ya altrasaundi kabla hata sijanunua dawa. Palikuwa na uvimbe mbili kwenye mfuko wa uzazi, mmoja ukisukuma kuelekea ndani. Hapo ndipo palipokuwa panavuja, kwa miaka, huku mimi napita nikisema joto, upepo, umri. Nilipewa dawa ya kupunguza damu siku za hedhi, na mwaka uliofuata nikafanyiwa upasuaji mdogo wa kuutoa ule wa ndani.

Nasisitiza hapa kwa sababu ya baba yangu mdogo. Yeye alikuwa na miaka 61 na alichoka kama mimi. Alikwenda kwa muuza dawa, akapewa vidonge vya kuongeza damu, akavimeza miezi minne, na kweli alikuwa akipata nguvu kidogo. Mwanamume hana hedhi. Mwanamke aliyekoma hedhi naye hana. Mtu wa namna hiyo akiishiwa chuma, swali la kwanza ni damu inatokea wapi, na mara nyingi ni tumboni au kwenye utumbo. Yake ilikuwa vidonda vya tumbo, kutokana na dawa za maumivu ya magoti alizokuwa akizimeza kila siku. Angeweza kuwa na saratani ya utumbo, na ile nguvu kidogo ingeificha miezi mingine minne. Kidonge cha chuma hakina macho. Kinajaza kinachovuja bila kuuliza tundu liko wapi.

Sasa nirudi kwenye vidonge, maana hapo nako nilikuwa nimekosea mengi.

La kwanza ni namba kwenye pakiti. Nilikuwa nikiona pakiti moja imeandikwa miligramu 200 na nyingine 300, nikadhani ya 300 ina nguvu zaidi. Daktari aliniomba nisome mstari wa chini wenye maandishi madogo. Namba kubwa ni uzito wa mchanganyiko mzima, chuma pamoja na kilichoshikamana nacho. Kidonge cha feri salfeti cha miligramu 200 kina miligramu 65 za chuma halisi. Feri fumareti ya 200 nayo ni 65. Feri glukoneti ya 300, ile niliyoidhani kubwa, ina 35 tu. Hiyo 35 si mbaya, kwa tumbo lenye shida inaweza ndiyo ikawa nzuri, lakini mtu ajue anameza nini. Akaongeza kwamba vile vidonge vyenye ganda maalumu la kuachia dawa polepole, vinavyosifiwa kuwa havisumbui tumbo, mara nyingi havisumbui kwa sababu vinaachia chuma mbele, baada ya kupita ile sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba ambako ndiko kinakofyonzwa.

La pili lilinishangaza zaidi. Aliniambia nimeze kimoja tu, na si kila siku: siku moja nameza, siku moja napumzika. Nilidhani ananionea huruma ya tumbo. Akanieleza kwamba ini linatoa homoni inayoitwa hepsidini, ambayo ndiyo bawabu wa chuma. Mwili hauna njia ya kutoa nje chuma kilichozidi, kwa hiyo unalinda mlango wa kuingilia. Ukimeza kidonge chenye miligramu 60 au zaidi, hepsidini inapanda, na inabaki juu karibu siku nzima. Kidonge cha pili ukikimeza jioni hiyo kinakuta mlango umeegeshwa, na cha kesho asubuhi pengine bado. Watafiti wa Zurich, nchini Uswisi, walilipima hili kwa wanawake wenye akiba ndogo ya chuma, wakachapisha 2015 na tena 2017: waliomeza siku moja na kuruka moja walifyonza sehemu kubwa zaidi ya kila kidonge kuliko waliomeza kila siku. Kile kilichobaki bila kufyonzwa ndicho kinachokera utumbo. Kwa hiyo zile dozi tatu kwa siku nilizopewa mwanzo zilikuwa zinaniumiza zaidi na kunilisha kidogo.

Simwambii mtu abadilishe dozi yake kwa maneno yangu. Mjamzito, kwa mfano, hushauriwa na Shirika la Afya Duniani kumeza kila siku, miligramu 30 hadi 60 za chuma pamoja na maikrogramu 400 za asidi ya foliki, na mwenye damu ya chini sana anaweza kuhitaji kila siku ili ipande haraka. Nasema tu kwamba mtu anayeteseka na dozi tatu ana haki ya kurudi kwa aliyemwandikia na kuuliza kama moja inatosha.

La tatu ni saa. Nilimeza saa kumi na moja asubuhi nikiamka, kwa maji, saa nzima kabla ya kula. Chai nikaisogeza mbele, saa mbili baada ya kidonge. Hilo la chai lilikuwa gumu kuliko yote, nakiri, wiki ya kwanza kichwa kiliuma. Juu ya kidonge nilikula chungwa, kwa kuwa vitamini C hukisaidia chuma kufyonzwa. Baadaye nilikuja kujua kwamba utafiti wa China uliochapishwa 2020 uliwapa wagonjwa vidonge vya chuma pamoja na vya vitamini C na wengine chuma peke yake, na damu ikapanda sawasawa. Basi sinunui tena vidonge vya vitamini C kwa ajili hiyo. Chungwa sikuliacha, maana linanisaidia choo.

Mwenzangu mmoja wa kazini anatumia dawa ya tezi ya shingo kila asubuhi. Nilipomweleza ratiba yangu akaanza kumeza chuma saa ileile na dawa yake, na miezi miwili baadaye vipimo vya tezi vikavurugika. Chuma huizuia dawa ile isifyonzwe, inabidi ziachane saa nne. Antibayotiki kama doksisaiklini na siprofloksasini nazo hushikamana na chuma zikapoteza nguvu. Niliumia sana kwa hilo, kwa sababu nilitoa ushauri bila kumuuliza anameza nini kingine. Sasa nauliza.

Tumbo halikuacha kusumbua kabisa. Wiki ya pili kichefuchefu kilirudi, nikampigia daktari kumwambia nataka kupumzika mwezi mmoja. Akanijibu, "Basi meza na chakula kidogo. Kitaingia pungufu, lakini kitaingia. Kilicho kwenye droo hakiingii." Nikala kipande cha mkate mkavu juu ya kidonge kwa siku kumi, halafu nikarudi kwenye tumbo tupu, na safari hii likakubali. Choo nilikidhibiti kwa maji mengi, matunda, na kutembea jioni.

Wiki nne zilipotimia nikapima: 10.7, kutoka 8.9. Alitabasamu. Kipimo hicho cha mwanzo ni muhimu kuliko nilivyodhani, kwa sababu damu inatakiwa ipande kama gramu 2 ndani ya wiki tatu au nne. Isipopanda, na mgonjwa kweli anameza, kuna kitu: ama bado anavuja, ama utumbo haufyonzi. Wapo wenye ugonjwa wa siliaki, ambao utumbo wao hudhurika kwa kula ngano, wapo wenye bakteria wa vidonda vya tumbo, wapo waliofanyiwa upasuaji wa tumbo, na hao huenda wakahitaji chuma cha kuingizwa kwenye mshipa. Wapo pia ambao upungufu wao wa damu hautokani na chuma kabisa. Mwenye selimundu au thalasemia, magonjwa ya damu ya kurithi, anaweza kuwa na damu ya chini huku chuma kimemjaa, na kumwongezea ni kumdhuru ini na moyo. Daktari wangu alilisema hilo kwa ukali, akiwa amenigusa mkono: "Usimgawie mtu vidonge vyako."

Mwezi wa tatu: 12.3. Nilifurahi mpaka nikawapigia dada zangu. Barafu nilikuwa nimeisahau, nywele changa zilikuwa zinasimama mbele ya paji. Nilijisikia mzima kuliko miaka mitano iliyopita. Daktari akanionyesha mstari wa pili wa karatasi ya majibu. Feritini 14.

Mtungi umejaa, ghala bado. Hapa ndipo nilipoachia mara ya pili, nikiwa najisikia hivihivi. Akaniambia miezi mitatu mingine, nayo ilikuwa migumu kwa namna ya peke yake: hakuna dalili ya kunikumbusha, hakuna hofu, kuna ladha ya shaba tu na choo cheusi. Nilitundika kalenda ukutani na kuweka alama nyekundu kila siku ya kidonge. Ilinisaidia kuliko nia njema. Mwisho wa miezi hiyo feritini ilikuwa 48.

Kuna jambo moja ambalo ningependa lisomwe hata kama mengine yatarukwa. Vidonge hivi vingi vina rangi nyekundu au kahawia, vimepakwa utamu, vinang'aa. Vinafanana na pipi. Asubuhi moja nilitoka bafuni nikamkuta kitinda mimba wangu, miaka mitatu, amekaa sakafuni na kichupa mapajani, anakigonga kifuniko kwa kijiko. Kifuniko hakikuwa kimefunguka. Nilikaa chini palepale, miguu imeisha nguvu. Kwa mtoto, sumu ya chuma huanza kama kwenye miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 10 hufikia hapo kwa vidonge vitatu au vinne vya miligramu 65, na ikifika 60 kwa kilo maisha yako hatarini. Tena hudanganya: mtoto anaweza kutapika, kisha akatulia saa kadhaa kama amepona, ilhali ndani ini linaharibika. Akimeza, au ukishuku kwamba amemeza, usisubiri dalili, mpeleke hospitali na kichupa chenyewe. Vyangu sasa viko juu ya kabati la chumbani, ndani ya sanduku lenye kufuli.

Baada ya upasuaji nilipima kila miezi mitatu kwa mwaka mmoja. Hedhi yangu ya sasa ni ya siku nne na silali tena juu ya taulo. Feritini ilipanda hadi 60 na ikakaa, na vidonge vikasimamishwa, safari hii na daktari.

Mwezi uliopita binti yangu mkubwa, ambaye ana miaka 14, alirudi kutoka shule akisema kichwa kinamzunguka kwenye mazoezi. Mama yangu alikuwa amekuja kututembelea. "Si una vile vidonge vyako?" akaniambia. "Mpe mwenzio viwili vitatu." Nilipanda kitini, nikashusha lile sanduku, nikalishika. Kisha nikalirudisha. Kesho yake nikampeleka kupimwa, vyote viwili. Damu 12.6. Feritini 9. Kwa mtungi peke yake wangemrudisha nyumbani wakamwambia ni mzima.

Ameandikiwa kidonge kimoja, siku moja ndiyo, siku moja hapana, na nimemweleza habari ya choo kabla hajaanza, naye akaziba uso kwa aibu. Kalenda yake kaitundika mwenyewe nyuma ya mlango, alama za kwake ni za kijani. Jioni ile, akiwa anapanga madaftari, nikamuuliza hedhi yake ikoje.

"Kawaida tu, mama," akasema.

Nikavuta kiti, nikakaa karibu yake, nikamwomba kalamu.